Mlango wa Kijani wa Kapkatet

Funga dirisha, Mellen, baridi hii inaniingia mifupani, na wewe Johana usisimame hapo kama mtu anayengoja basi, vuta kigoda ukae mahali ninapoweza kukuona uso. Ephantus, nawe usiondoke, wateja watangoja kidogo. Nataka mtu asiye wa damu yangu ayasikie haya, asije mtu akasema kesho kwamba mimi Phelis nilikuwa nimechanganywa na homa. Wanangu, nisikilizeni, kwa maana pumzi niliyobaki nayo haitoshi kulisema jambo mara mbili.

Baba yenu Nyamwange alipofariki kule kambi ya chai, niliwaacha kwa dada yangu Nyanchoka mkiwa wadogo, nikaenda Nairobi kulea watoto wa Wazungu. Ule mji sikuupenda hata siku moja. Maji unalipa, kuni unalipa, mahali pa kulaza ubavu unalipa, na ukikohoa unalipa dawa. Niliwaona yaya wenzangu wakifanya kazi mpaka mgongo unapinda, kisha wanarudishwa kwao na blanketi na asante, basi nikaapa kwamba mimi sitazeekea pale. Nitaondoka ningali na nguvu za kubeba debe la maji, nikae mlangoni kwangu, nisiitwe tena na kengele ya mtu. Ndiyo maana niliishi vile nilivyoishi. Majani ya chai aliyokwisha kunywa memsabu niliyaanika dirishani nikayachemsha tena mpaka maji yakakataa rangi, mimi niliyetoka kwenye vilima vya chai. Viatu vyake vilivyochakaa nilivijaza magazeti nikavivaa. Kanisani nilikwenda kwa miguu, mvua ikinyesha, na wenzangu wakipita ndani ya basi wananipungia mkono wakicheka. Waliniita Phelis Mkavu. Jumapili mchana walikwenda madukani kwa Wahindi kununua vitambaa vya kichwa, nami niliwasindikiza nikarudi mikono mitupu, lakini moyoni nikifurahi, kwa kuwa kila kitambaa nilichokiacha dukani nilikiona kimegeuka bati juu ya paa langu.

Paa hilo lilikuwa hapa Kapkatet. Nilitaka hoteli ndogo ya chai na maandazi, na vyumba viwili nyuma vya kupangisha, basi. Ploti ilipopatikana nikaambiwa haiandikwi kwa jina la mjane, lazima pawe na mwanamume. Shemeji zangu niliwajua, wangeila siku hiyo hiyo. Nikasema, ninaye mwanamume, ninaye Johana wangu, nimemsomesha, ndevu zinaanza kumtoka. Wakaandika jina lako, mwanangu, na mimi nikarudi Nairobi nikilala usingizi mtamu kwa mara ya kwanza tangu baba yako azikwe.

Kila Krismasi ulikuja. Unakumbuka? Ulikaa juu ya sanduku langu la bati, nikakupikia mchele niliokuwa siupiki mwaka mzima, nawe ukanisimulia. "Mama, msingi umekwisha." Mwaka mwingine, "Mama, tumefika kwenye madirisha." Nami nilifungua kitambaa nilichofungia akiba yangu kiunoni nikakupa. Mara ya mwisho nilikuuliza mlango una rangi gani, ukanijibu bila kusita, "Kijani, Mama, kijani cha majani mabichi, na kizingiti nimekiweka saruji usije ukateleza." Nililia kwa furaha, ukanifuta machozi kwa leso yako.

Basi nikamuaga memsabu, ningali na meno yangu yote, nikapanda gari moshi mpaka Lumbwa, na lori la mahindi mpaka hapa. Mlango niliutambua kwa mbali. Ulikuwa wa kijani kweli, na kizingiti cha saruji kweli. Nikatua sanduku, nikaingia, nikamwambia huyu Ephantus, aliyekuwa akikaanga maandazi, "Baba, asante kwa kunitunzia, mimi ndiye mwenyewe." Akaniangalia sana. Akazima moto kwanza, akanivutia benchi. Akasema, "Mama, kaa. Hapa nilinunua kwa kijana mmoja anaitwa Johana, hata msingi haujachimbwa. Nimejenga mwenyewe." Sikumwamini mpaka mafundi na majirani walipoitwa, mmoja mmoja, wakaniinamishia vichwa.

Kuuza ningeweza kukuelewa, Johana. Vijana huuza. Lori la mtu wa Siongiroi lilikuwa likikungoja uweke sehemu yako ya pesa, na ulinieleza baadaye kwamba lori likizaa faida ungenijengea hoteli kubwa kuliko hii. Lakini ulikuja hapa, ukasimama barabarani, ukaangalia mlango wa mwanamume mwingine, ukaikariri rangi yake na kizingiti chake, ukapanda basi kuja kunisimulia kana kwamba ni wangu, na ukapokea pesa zangu. Hilo nimelala nalo kila siku na sijapata upande wa kulilalia.

Wewe Ephantus hukuwa na deni kwangu. Hukunifukuza. Ulinipa chai, nikaona beseni la vikombe vichafu, nikavua koti nikaanza kuviosha, kwa sababu sikujua mikono niipeleke wapi. Nimeviosha mpaka nilipougua. Watu wa soko wamenicheka, kwamba mwanamke aliyejinyima ili apumzike mapema amekuja kuosha vikombe vya wapita njia, na wengine wamesema heri ningevaa vile vitambaa. Mellen, usiwasikilize. Sikukosea kuweka akiba. Endelea kuweka ya kwako, ila iweke mahali ambapo macho yako yanafika, na kila Krismasi jinunulie kitu cha kuvaa.

Ninacho kidogo. Kule Kiptere, kwa rafiki yangu Tapsubei, nina ng'ombe wawili na ndama, niliowanunua kwa mshahara wa vikombe. Hakuna jina lililoandikwa popote. Tapsubei anawajua, na anajua ni wako, Mellen. Nenda mwenyewe, usitume mtu. Sanduku la bati pia ni lako. Hii blanketi mpeni Nyanchoka.

Johana, nimesikia umeagiza jeneza la mninga kutoka Kericho mjini, na gari la kunibeba. Rudisha. Seremala wa hapa atanipigia mbao za msonobari, na vijana wa kanisa watanibeba mabegani, si mbali. Siku hiyo utasimama na wafiwa, hakuna atakayekuzuia, nimewakataza. Lakini usitoe neno. Usiwaambie watu jinsi ulivyompenda mama yako, maana nitakuwa nimelala pale siwezi kujibu.

Najua unachongoja. Tangu juzi unanizunguka unataka niseme nimekusamehe. Nimelitafuta neno hilo, mwanangu, Mungu anajua nimelitafuta, sijalipata, na sitaki nikupe la uongo, kwa kuwa la uongo nilishapewa mimi na ninajua linavyochoma siku likifunguka. Ila kukulaani pia sikulaani. Mama akimlaani mtoto wa tumbo lake kwetu mnajua kinachofuata, na wajukuu wangu hawakuuza kitu. Ulale salama usiku, hakuna ulimi wangu unaokufuata.

Nigeuze, Mellen... hivyo, ubavu wa kulia. Sasa nyamazeni niwaombee, sauti inakatika. Mungu wa baba yenu awape... awape kazi isiyowavunja. Mellen, mtoto wako wa tumboni azaliwe analia kwa nguvu. Watoto wa Johana wasome, wakue, wasidanganye mtu anayewangoja. Ephantus, milango yako... ifunguke kila asubuhi. Na Johana... Johana...

Koo limekauka. Hapana, Mellen, wewe kaa. Johana, leta kikombe. Niinue kichwa. Polepole, usinimwagie... Hapo. Nishike hapo hapo, usiondoe mkono.