Bitana ya Vyuma

Ndani ya treni, kijana mchanganya muziki alimvisha hedifoni jirani yake wa kiti, mama fundi cherehani asiyemjua. "Albamu yangu hiyo, mama." Fundi akakunja uso. "Makelele gani haya, mwanangu? Nyundo na misumeno!" Kijana akacheka. "Usiishie juu. Shuka chini." Fundi akafumba macho. Chini ya nyundo akakuta magitaa, chini ya magitaa mvuke, na chini kabisa mwanamke anaimba taratibu, kama yuko peke yake. Akafumbua macho. "Nani huyu?"

"Marehemu mama. Nilimrekodi akipika."

"Mpandishe basi, asikike!"

"Nikimpandisha, vyuma vyote vinapwaya. Yeye ndiye anayevishikilia."

"Hata bitana, kitambaa cha ndani ya koti, mimi huiacha ichungulie kidogo," fundi akasema.

Treni ikasimama. Kijana akanyoosha mkono kuchukua hedifoni zake. "Subiri," fundi akanong'ona. "Bado anaimba."