Mzinga wa Adui

Mvuke ulikuwa umefunika vioo vya basi, na nusu ya abiria walisinzia. Mbele yangu, mwandika mabango alikuwa akimweleza mama aliyekaa naye kwamba anakwenda kuandika kibao cha mzinga mkongwe ulioko bustanini. "Nimepewa maneno: Mzinga wa adui, ulitekwa vitani."

"Haukutekwa, mwanangu. Babu yangu na wenzake waliukokota kwa kamba mpaka hapo, huku wakichapwa na wenye mzinga."

"Umejuaje kuwa ni huohuo?"

"Tukipita bustanini alikuwa anaupa mgongo. Na usiku aliukokota usingizini. Miguu inasukuma shuka, bibi anamnong'oneza: tumefika, weka kamba chini. Ndipo anatulia."

"Ndoto si ushahidi, mama."

Nimesoma vibao vyote vya mji huu. Mpaka farasi wa majemadari wametajwa, mkokotaji sijamwona.

"Nikigusa neno moja," mwandika mabango akasema kwa upole, "kibarua kitaota nyasi."

"Usiguse. Mimi nitasimama tu nyuma yako ukiandika."

Basi likasimama bustanini. Mama akashuka naye, ingawa kituo alichomwambia kondakta kilikuwa bado mbali.