Himid Abdulwakil, Mwashi wa Chokaa wa Thornton Heath

Bismillahi. Baba hakupenda maneno mengi, basi mniwie radhi, nitajitahidi.

Marehemu Himid Abdulwakil alizaliwa Mkunazini, Unguja, tarehe 9 Machi 1944. Alisoma chuoni mpaka akakhitimu Kurani, kisha skuli miaka saba, halafu mjomba wake akamfunza uashi wa chokaa. Baada ya Mapinduzi alihama, na Oktoba 1968 akafika London na sweta moja, tena la kuazima.

Mwaka 1972 alimuoa mama yetu, Bi Mardhiya, hapa hapa Thornton Heath. Fungate yao ilikuwa kuzunguka Croydon kutazama kuta. Mama hajamsamehe mpaka leo.

Mwaka 1981 alipelekwa kazini kwenye nyumba kongwe ya matofali mekundu, umri wake zaidi ya miaka mia tatu, dohani sita za moshi, matofali yamepangwa moja ubavu, moja kichwa, mpaka juu. Kuta zilikuwa na unyevu. Msimamizi, Bwana Justin, akaamuru viungo kati ya matofali vizibwe kwa saruji. Baba akaweka mwiko chini.

"Saruji itafungia maji ndani, matofali yatapasuka. Nyumba hii ni ya chokaa, kama zetu."

Wakamcheka, wakamwachia ukuta mmoja wa nyuma. Baridi ilipokwisha, upande wa saruji matofali yalikuwa yanabanduka. Ukuta wa Baba mkavu. Akaitunza nyumba ile mpaka alipostaafu mwaka 2012.

Mimi nilimfuata kazini mwaka 1998. Lo! Kila nilichoziba alikikwangua. "Hukulowesha matofali. Rudia." Miaka kumi na minne sikusikia "vizuri" hata mara moja, na Mungu anajua nilivyoitaka.

Mwaka jana figo zilianza kumsumbua. Mwezi uliopita aliomba akaione nyumba ile, nikamsukuma kwenye wheelchair mpaka ukuta wa mashariki. Akapitisha kidole kwenye viungo, akatabasamu.

"Huu niliufanya mwaka gani?"

"Hukuufanya wewe, Baba. Nimeufanya mimi, juzi juzi tu."

Akapitisha kidole tena, taratibu, kiungo kwa kiungo. "Mashallah," akasema. Nililia pale pale, mbele ya watalii.

Alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 17 Mei 2016, adhuhuri, Mama amemshika mkono.

Ameacha mjane, Bi Mardhiya, mtoto wa kiume, Abdulwakil, mfamasia, wajukuu watano, na binti mmoja, Ummukulthum, mwashi.

Mola amrehemu baba yetu, ampumzishe kwa amani.