Kiti cha Obdulia, Mtaa wa Chemchemi

Padri, ndugu, majirani, na wewe Mheshimiwa Meya uliyekaa mstari wa mbele: tumekuja kumzika Obdulia Carrasco Luque, mama yangu mkubwa. Mimi ni Visitación, mtoto wa marehemu mdogo wake. Eloy, mwanawe wa pekee, ameniomba nisome kwa sababu yeye sauti haitoki. Yangu inatoka.

Obdulia alizaliwa tarehe 8 Septemba 1941, Mtaa wa Chemchemi, hapa Almendrales, mkoani Jaén, miaka ile watu walipochemsha magugu wakayaita supu. Shule aliiona mpaka alipofika miaka tisa. Msimu wa zeituni ulipoanza baba yake alimkabidhi kikapu, na mwalimu hakuja kumuulizia. Kusoma alijifunza ukubwani, kwenye magazeti yaliyofungiwa samaki. Jambo hilo lilimuuma mpaka mwisho, na linaniuma mimi kwa niaba yake.

Majira ya baridi alichuma zeituni za watu. Kiangazi alisuka viti kwa mafunjo ya mtoni, na karibu kila nyumba hapa ina kiti kilichopita mikononi mwake. Mkirudi nyumbani na kuketi, mjue mmekalia kazi ya nani.

Zacarías Mesa alimchumbia kupitia nondo za dirisha, yeye barabarani, Obdulia ndani, na bibi yake Obdulia kando akijifanya amesinzia. Jioni moja bibi alifumbua jicho: "Kijana, kama umekuja kuongea, ongea. Kama umekuja kuhema, kahemee kwenu!" Zacarías akaongea. Walifunga ndoa katika kanisa hili tarehe 12 Aprili 1964.

Tangu hapo kila jioni ya kiangazi, jua likishuka na kuta zikiwa bado za moto, Obdulia alitoa kiti chake mlangoni, na mtaa mzima ukatoa vyake. Walimenya maharage, walisengenya, walicheka. Kiti kimoja kikikosekana, swali lilikuja hapo hapo: "Fulani yuko wapi leo?" Ndivyo alivyookolewa Zacarías mwaka 1997. Alikawia kutoka siku ambayo Obdulia hakuwepo, majirani wakavunja mlango, wakamkuta sakafuni ameshika kifua. Aliishi miaka sita zaidi, na kila jioni ya miaka hiyo alikaa nje.

Julai mwaka huu, wageni waliopanga nyumba ya mkabala walilalamika kwamba maongezi yanawanyima usingizi. Baraza la mji likabandika tangazo: viti marufuku barabarani. Watu waliokuja kukaa wiki moja wakasikilizwa kuliko mwanamke aliyekaa miaka themanini. Akatumwa Fermín, polisi wa mji, aliyekulia nyumba ya pili.

"Mama Obdulia, nakuomba, ingiza kiti."

"We Fermín! Kiti hiki ndicho ulichokishikilia ukijifunza kusimama. Kaa kwanza, unywe maji."

"Nikikaa nitafukuzwa kazi, mama."

"Basi simama, tuone kama joto nalo linatii amri ya meya."

Jioni ya pili alikitoa tena. Wakaja watu wengine wa baraza, wakakichukua kwa gari la taka. Nasema tena: gari la taka. Na ninyi majirani, mliokula maharage yake na kumpa siri zenu, mliingiza viti vyenu kabla hamjaambiwa, mkafunga milango, mkawasha televisheni.

Obdulia hakuwa mgonjwa. Jumatatu, tarehe 7 Agosti 2023, alianguka jikoni, nyonga ikavunjika. Aliita. Zamani mtaa mzima ungemsikia. Aligunduliwa Jumatano na Tránsito, muuza mikate, alipokuta mkate wa jana bado uko kwenye mfuko mlangoni. "Jana niliuona wa juzi," Tránsito aliniambia akilia. "Nikajisemea, labda kaenda kwa Eloy." Tránsito hana kosa, jamani, yeye ndiye pekee aliyepita mlangoni pale. Obdulia alifariki hospitalini Jaén, Ijumaa tarehe 11, kwa kuishiwa maji mwilini. Daktari aliuliza kama alikuwa anaishi porini, mbali na watu.

Ameacha mwana, Eloy, mkwe, wajukuu wawili, na mimi. Kiti chake kilikuwa stoo ya baraza. Eloy alikwenda kukiomba jana, akaambiwa arudi Jumatatu. Shada la baraza nimeliweka nje, kivulini. Maua hayana kosa.

Leo alfajiri Fermín alikitoa kiti stoo bila kumuuliza mtu, akakibeba begani mpaka hapa. Kiko pale karibu na jeneza. Wengi mlidhani ni cha padri. Tukitoka makaburini nitakirudisha mlangoni pake, na jua likishuka nitakikalia. Mheshimiwa, unajua nyumba ilipo. Majirani, nanyi mnaijua, na viti mnavyo, alivisuka mwenyewe. Jioni hii nitaangalia mlango kwa mlango, na kila kiti kitakachokosekana nitakiulizia kwa sauti, kwa jina la mwenyewe.

Yeye apumzike kwa amani. Sisi tutoke nje.