Wavu wa Mzee Khoat

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kulea kobe wa msituni, Mzee Doan Van Khoat anastaafu tarehe 30 Septemba. Kituo chetu cha Khe Lau kina miaka thelathini na miwili. Mwaka mmoja tu ndio kilioishi bila yeye, na wanaoukumbuka wamebaki wawili.

Alianza akiwa mwindaji. Yeye na mbwa wake mwekundu waliujua mlima wote, na kobe waliowapata aliwauzia wachuuzi, mpaka msimu mmoja mbwa alipozunguka siku tisa bila kubwekea kobe hata mmoja. Wiki iliyofuata Mzee aliomba kazi hapa, akaja na mbwa wake.

Kwake tulijifunza mengi ambayo vitabu vilitaja kwa mstari mmoja. Kobe wa msituni huishi chini ya majani yaliyooza, hula uyoga, konokono na matunda yaliyoanguka. Akiogopa, hulifunga gamba la tumbo kwa bawaba yake mpaka hata wembe haupiti. Jike hukaa zaidi ya miaka kumi ndipo atage, tena yai moja au mawili kwa mwaka. Mkurugenzi alipolalamika kwamba watoto ni wachache mno, Mzee alimjibu kwamba yeye mwenyewe ana mmoja tu, na hata huyo hapigi simu.

Lakini wengi wanamjua kwa wavu wake. Kila mwezi mpevu wa mwezi wa saba wa kalenda yetu ya mwezi mwandamo, watu hununua kobe sokoni na kuwaachia kwenye bwawa la hekalu, ili thawabu iwafikie wazazi waliofariki. Bwawa lina kina kirefu na kingo za saruji, na kobe wa msituni si mwogeleaji. Kesho yake alfajiri Mzee alikuwa akienda na wavu wa mpini mrefu, akiwatoa wazima na waliokufa, bila kumkemea mtu, akiwaomba watu tu wasirudie.

Miaka minane iliyopita, mmoja wao alikuwa wangu. Mama alikuwa amefariki miezi mitatu kabla. Niliandika jina lake kwa rangi nyekundu mgongoni mwa kobe, nikamwachia majini, nikarudi nyumbani na moyo mwepesi. Asubuhi nilipokwenda kuchoma ubani, nilimkuta mzee nisiyemjua amempakata kobe wangu, kichwa kikielekea chini, maji yakimtoka puani. Nikamwambia jina lile ni la mama.

"Dada, mama yako alijua kuogelea?"

Nikasema hapana.

"Basi na huyu tumtafutie majani."

Kobe yule alipona. Kwa kuwa kwetu jina la mzazi halitajwi ovyo, Mzee alimwita Mama Mkubwa, na akawakataza wenzake kuisugua ile rangi. Nilikuja kumtazama kila Jumapili, mpaka nikaajiriwa. Tangu hapo asubuhi zangu zimeanza kwa taarifa ya Mzee pale mlangoni: Mama Mkubwa kala uyoga, Mama Mkubwa kanuna, Mama Mkubwa anakusalimu.

Mwaka huu tulikwenda bwawani pamoja kwa mara ya mwisho. Aliuzungusha wavu mara saba. Haukutoa kitu ila majani ya yungiyungi. Mtawa mkuu alimpongeza, akasema kumbe maombi ya Mzee ya miaka yote yamewaingia watu. Mzee aliukung'uta wavu, akakaa ukingoni.

"Sijui wamesikia," akaniambia, "au kobe wameisha."

Nami sijui. Mama Mkubwa yumo chini ya majani yake, na ya ile rangi imebaki herufi moja. Bado hajataga. Siku akitaga, Mzee atapigiwa simu kabla ya mkurugenzi.

Mzee Khoat, asante kwa kila alfajiri. Nenda ukapumzike, magoti yapoe, chai isipoe, na mwanao akumbuke namba yako. Wavu wako tumeuweka nyuma ya mlango. Mwezi mpevu wa mwakani nitaubeba mimi, nikiomba nisikute kitu, na nikiogopa nisikute kitu.