Bi Biasha Anarudi Tingi Peke Yake

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi Biasha Abdulrazak, Mkurugenzi wa Uzalishaji wa kiwanda chetu cha marashi hapa Masoko, anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja.

Alianza kwa kuchambua asumini. Alipanda hadi akawa mkurugenzi, lakini hakuacha kupita na kunusa kila pipa mwenyewe. Sheria yake tuliijua sote: haingii mtu kazini amejipulizia. Mkaguzi mmoja kutoka Dar es Salaam alipelekwa bombani kunawa shingo, naye akanawa. Marashi yetu ya mkilua, wanayojipaka maharusi kuanzia hapa hadi Kitomanga, aliyabuni yeye. Maua yalitoka Tingi, shambani kwa mumewe, mzee Huseni.

Alipofikisha miaka hamsini na mitano angeweza kustaafu kwa hiari. Mzee alikwishajenga nyumba Tingi na kumwambia anamngoja. Kiwanda kilikuwa kinayumba wakati huo. Tulimwomba abaki, akabaki, na kiwanda kikasimama. Mzee Huseni akawa anakuja Masoko kila Ijumaa, Jumapili anarudi shamba. Mwaka jana alifariki.

Bi Biasha akakaa eda, na mwenye eda hagusi manukato. Sisi ambao harufu imetuingia mpaka kwenye nywele tulijisugua kwa sabuni ya mche, tukaazima nguo kwa majirani, ndipo tukaenda kumpa pole. Aliponiona ndani ya kanga zisizo zangu alicheka kidogo, kisha akalia.

Alipotoka eda tulimpelekea chupa ya kwanza ya maua ya msimu ule, tukidhani tunamfurahisha. Alinusa. Akasema mchanganyiko uko sawa, tusibadilishe kitu. Halafu akaifunga chupa na kusema, "Basi, wanangu. Mwenzangu alikuwa ananingoja."

Bi Biasha, ahsante kwa kazi, kwa ukali wako na kwa malezi. Miaka hii mitano ya mwisho ilikuwa ya mzee Huseni. Ukatupatia sisi, na hatuna namna ya kuirudisha. Mwenyezi Mungu amrehemu, naye akupe afya na utulivu katika nyumba aliyokujengea. Nenda salama, mama.

Salome Nikodemo,
Idara ya Uchanganyaji