Maternité Bila Moshi

Katika basi la kwenda Kipushi, mkunga aliyeitwa mama Geneviève alikuwa akimsimulia jirani yake wa kiti, papa Édouard, muuza mazuti, yaani dizeli, habari za maternité yake, hospitali ya kuzalisha.

"Moshi ya groupe, ile jenereta yetu ya mazuti, ilikuwa inaingia mpaka mu salle ya kuzalisha, papa. Injenia akakuja, akapima courant, umeme yote tulikuwa tunatumia. Climatiseur ya mu couloir, ile mashine ya baridi, njo ilikuwa inakula umeme kuliko vyote! Tukaizima, tukafungua madirisha, tukapakaa bati rangi nyeupe, joto ikapungua. Kisha tukaweka panneaux za jua."

"Na mvua ikianza? Mutanitafuta mbio!"

"Batteries ziko. Tunatumia kidogo sasa."

"Zitaisha, mama."

Geneviève akacheka. "Jana mutoto moja alizaliwa, groupe kimya. Akalia, na bibi yake akamusikia kule inje! Akaanza kuimba, na siye bote tukaimba."

Sisi abiria wengine tulikuwa tumeacha kujifanya hatusikii.

"Binti yangu anazaa mwezi huu," akasema papa Édouard. "Nitamuleta kwenu. Lakini nitakuja na bidon yangu, dumu zima la mazuti."

"Kuja nayo, papa. Itabakia ku mulango."

"Itaingia!"

"Haitaingia!"

Basi likasimama Kipushi. Wakashuka pamoja, wakibishana na kucheka.